Wastani haujawahi kunyesha Dodoma

Kona ya tembe la babu huko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, ilidondoka usiku mmoja wa Januari 1998. Sikuamshwa na kishindo. Niliamshwa na mbuzi, kwa kuwa kona ile ndiyo waliyokuwa wakilala, na sasa walikuwa wamehamia kwetu watoto, wamelowa chapachapa, wanatukanyaga miguu. Nilikuwa na miaka tisa. Kulipokucha babu alisimama uani akatazama fungu la tope ambalo jana lilikuwa paa lake, akasema neno moja tu: "Elinino." Alilitamka kama jina la mtu anayemdai.

Kwa ambaye hajawahi kulala kwenye tembe, ni nyumba ya Kigogo isiyo na mgongo. Kuta ni miti na udongo. Juu yamelazwa magogo, juu ya magogo fito, na juu ya fito udongo tena, umetandazwa bapa kama meza. Bibi alikuwa akianika mtama huko juu, na sisi tukipanda kuiba karanga zilizoanikwa tukichapwa tukishuka. Mtu wa Bukoba akiliona paa hilo atacheka, maana kwao lisingemaliza mwezi. Lakini waliojenga hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wameitazama mvua ya Ugogo kwa vizazi, wakaona kwamba kwa miaka mingi paa la udongo linatosha kabisa, na ule mwaka mmoja likianguka, udongo wa kulirudishia upo palepale chini. Tembe ni utabiri wa hali ya hewa uliojengwa kwa mikono.

Nimeielewa hesabu hiyo nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha ni bomba. Naishi Nkuhungu, jijini Dodoma, maji kwetu yanakuja kwa mgao. Siku yake ikifika, hata kama ni saa nane za usiku, naamka nijaze simtanki, ndoo, madumu, hata beseni la kufulia. Usiku mmoja wa namna hiyo, nimekaa kwenye ngazi nasikiliza simtanki likijaa, nikajiuliza maji haya yametoka wapi, na ni ya lini. La kwanza kila mtu mjini analijua: visima vya Mzakwe. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Ukiuliza mvua ya Dodoma ni kiasi gani, utajibiwa kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka. Si uongo. Ila nambari hiyo ina ujanja, kwa sababu London nako mvua ni kama milimita 600, na hakuna Mwingereza anayeamka saa nane kuchota. Tofauti ni kwamba ya London inadondoka kidogo kidogo miezi yote 12 chini ya jua dhaifu. Yetu inabanwa ndani ya miezi mitano, halafu jua letu na upepo wetu vina uwezo wa kukausha maji zaidi ya mara tatu ya yanayoshuka. Na hata ndani ya miezi hiyo mitano hainyeshi kwa adabu. Inaweza kukaa wiki tatu bila kutokea, kisha ikamwaga ya mwezi mzima kwa alasiri moja. Mwaka huu ikazidi, mwaka ujao ikapungua nusu. Ukijumlisha yote ukagawanya, unapata wastani, lakini sijawahi kukutana na mkulima wa hapa aliyewahi kuvuna kwenye mwaka wa wastani.

Tena tunakaa katika mji mkavu wenye jina la tope. Wazee wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye korongo, akazama kwenye matope asitoke, watu wakasema "idodomya", imedidimia. Wasikilize vizuri. Hawakuupa mji jina la vumbi, ambalo tunalo miezi saba. Waliupa jina la siku moja ambayo maji yalikuwa mengi kiasi cha kumeza tembo.

Jua ndilo linaloanza yote. Dodoma ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili: mwanzoni mwa Oktoba likishuka kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi. Ndiyo maana Oktoba ya Dodoma usiombe, jua liko wima na wingu la kulikinga hakuna. Pale jua linapochoma, hewa hupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukimbilia kujaza nafasi yake. Zinapokutana hewa yenye mvuke husukumwa juu, inapoa, inakuwa mawingu. Watabiri wetu huita eneo hilo la makutano ukanda mvua. Unalifuata jua, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa, kama mbuzi wavivu nyuma ya mchungaji.

Kule Arusha, Tanga, Dar es Salaam na pande za Ziwa Victoria, ukanda huo hupita ukienda na hupita tena ukirudi, na kati ya safari hizo kuna pengo la kutosha. Ndiyo vuli na masika yao. Kwetu unafika Novemba mwishoni au Desemba, unateremka kidogo kuzurura Songea, Malawi na Zambia, na kabla hatujakauka vizuri umeshageuka kurudi. Safari mbili zinaungana kuwa msimu mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa huutolea utabiri wake peke yake, Novemba hadi Aprili, na unaitwa hivyohivyo: Msimu. (Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, nilikuwa nawatambua wageni kwa swali moja: "Huku vuli inaanza lini?")

Kuwa na msimu mmoja maana yake hakuna marudio ya mtihani. Mkulima wa Moshi vuli ikimwangusha anaingoja masika. Wa Hombolo akianguka Februari, anaingoja Desemba.

Swali ambalo watoto wangu huniuliza ni jingine: kwa nini Julai mawingu yapo na hayanyeshi? Mwenye jibu ni treni. Tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma mwaka 2024, nimeshaenda Dar na kurudi mara kadhaa, na kila mara nakaa dirishani kama mtoto. Upepo wa kusi unatoka mbali, kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maskarini. Unafika pwani ukiwa umebeba mvuke. Halafu unakutana na milima. Uluguru, upande unaotazama bahari, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye miteremko yake ya juu. Ukivuka hapo kuna Nguru, Ukaguru, Rubeho. Kila mlima unatoza ushuru wake. Treni inapoingia kwenye mahandaki ya Kilosa nje ni kijani, migomba na mianzi. Inatoka, inapinda na bonde, na kufika Gulwe umeshaanza kuona mibuyu, miiba, na udongo wa rangi ya matofali. Hewa iliyovuka milima ile ikishuka upande wetu inajibana, inapata joto, na unyevunyevu wake unakuwa haufai kitu. Tena kwenye miezi ya kusi hewa ya juu nayo inashuka polepole, inakaa kama mfuniko wa sufuria. Ndiyo yale mawingu meupe ya Julai, madogo, yamejipanga vizuri kama pamba dukani. Yanatupita juu kwenda Singida bila kudondosha hata tone.

Na sehemu nyingine ya kusi haiji bara kabisa. Inakata kona pwani, inapita mbele ya Somalia kwa kasi kubwa, inaingia India. Mtabiri mmoja Mwingereza, Findlater, aliueleza mkondo huo miaka ya 1960, lakini manahodha wa majahazi walikuwa wakiupanda kwa karne nyingi: kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Sikuwaza kamwe kwamba juu ya majahazi yale ilikuwa inasafiri pia mvua, na kwamba wakati sisi tunafagia vumbi uani, Mumbai wanachutama kwenye mafuriko yaliyopita mlangoni petu.

Basi Desemba inafika, ukanda umetufikia. Unadhani kazi imekwisha? Haijaisha. Ukanda mvua si bomba la kufungua. Upande wa mashariki kunavuma kaskazi, ambayo imepita karibu na Uarabuni na mara nyingi haina mvuke mwingi. Upande wa magharibi kuna hewa nyevu ya misitu ya Kongo. Ile ya Kongo ikipata nguvu ikaingia mpaka kwetu, mvua inatanda nchi nzima, siku mbili tatu mfululizo, ile ambayo hata kuku hawatoki bandani. Isipopata nguvu, tunabaki na mawingu ya alasiri ambayo yananyesha shamba la jirani na kuruka lako. Halafu kuna vimbunga vya Madagaska na mlango bahari wa Msumbiji. Kimbunga ni mnyonyaji. Kinavuta hewa kutoka mbali sana, na kulingana na kilipokaa, kinaweza kuukokota upepo wa Kongo upite juu yetu ukinyesha, au kikatunyima tukabaki na jua kali wiki nzima huku taarifa ya habari ikionyesha Msumbiji paa zinaruka.

Ukavu wa katikati ya msimu mama anaujua kuliko mtabiri yeyote. Unakuja Januari au Februari, hauna tarehe, na unapenda kuja mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Wiki mbili bila mvua katika wakati huo, mahindi yamekwisha, hata kama Machi itanyesha mpaka vyura waombe radhi. Mtama una akili nyingine. Unajikunja majani, unasimama kukua, unangoja. Ikinyesha unaendelea ulipoishia. Uwele ni mgumu zaidi ya hapo. Mama ana hekari moja ya mtama na uwele, na vishina vya karanga pembeni. Mahindi anapanda mistari sita tu karibu na nyumba, "ya kuchoma watoto wakija." Bado anaberega, yaani anafyeka na kupanda bila kulima kwa kina. Miaka mingi mabwana shamba walikuwa wakiiona kuberega kuwa uvivu. Kwa mtazamo wangu ni mwenye haraka aliyeona msimu ni mfupi, akakataa kuupoteza kwa jembe.

Jirani yake ana zabibu. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kinachowezesha hayo ni ukavu huohuo tunaoulalamikia. Ila mavuno moja yanaangukia kwenye mvua, Februari na Machi, na mvua juu ya zabibu inayoiva ni ukungu na hasara. Kwa hiyo ndani ya uzio mmoja wa manyara, mama anaomba inyeshe na jirani anaomba ikatike. Wote wawili huenda kanisa moja.

Hapa lazima niiseme Kongwa, maana hakuna mfano mkubwa kuliko huo wa watu waliouamini wastani. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ikatuma ujumbe wa watu wachache, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba inawezekana kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yakashuka Kongwa. Ukiitazama Kongwa kutoka angani ni nzuri, tambarare, haina watu wengi. Hakuna aliyekaa chini kuuliza kwa nini haina watu wengi.

Vichaka viliwashinda nguvu matrekta. Mibuyu haikung'oka. Udongo ule, ambao ukilowa unaulima kwa kidole, ukikauka ulikuwa sementi, na karanga ni mmea unaozaa chini ya ardhi, zilikwama humo. Na mvua ikafanya inavyofanya siku zote, haikuja kwa mpangilio ulioandikwa. Januari 1951 serikali yao ikauzika mradi, ikiwa imepoteza karibu pauni milioni 36. Kongwa leo ina ranchi ya ng'ombe, yaani imerudi kwenye shughuli ambayo Wagogo walikuwa wameichagua tangu mwanzo. Ninapowasikia vijana wenzangu wakichora mradi wa kilimo kwenye kompyuta, "mvua milimita 570, inatosha", huwa nawaambia waende Kongwa wakanunue nyama choma, wakae, waulize wazee.

Turudi kwa Elinino, mdai wa babu.

Jina limetoka kwa wavuvi wa Peru. Waliona kwamba miaka fulani, karibu na Krismasi, bahari yao inapata joto na samaki wanapotea, wakaiita hali hiyo El Niño, Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Ni jina la upole kwa kitu kilichoangusha tembe Hombolo. Uhusiano wa Peru na sisi ulianza kuonekana India: Gilbert Walker, mtaalamu wa hisabati aliyepewa idara ya hali ya hewa ya huko mwaka 1904, akiwa anahangaika kujua kwa nini mvua za India zinakosa, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa wa Pasifiki na wa Bahari ya Hindi unapanda na kushuka kwa zamu, kama sahani mbili za mzani. Hakuweza kueleza kwa nini. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes ndiye aliyeunganisha mzani huo wa hewani na joto la maji ya Pasifiki.

Ila babu alikuwa amemshtaki mtu mmoja kwa kosa la wawili. Mshirika wa pili yuko bahari yetu wenyewe. Kwa kawaida maji yenye joto ya Bahari ya Hindi yamelundikana upande wa Indonesia, na upande wetu umepoa kidogo. Kuna miaka mambo yanageuka: upepo wa ikweta unabadilika, joto linasogea Afrika Mashariki, Indonesia inapoa. Hewa inapanda kwetu, inashuka kwao. Sisi mafuriko, wao ukame na moto. Jambo hili lilikuja kupewa jina mwaka 1999, dipoli ya Bahari ya Hindi, na wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani, na mojawapo ya miaka waliyoichunguza ni 1997. Kwa hiyo usiku ule mbuzi waliponikanyaga, mmoja wa waliohusika alikuwa hata jina hana.

Anaweza kufanya kazi peke yake pia. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, El Niño haikuwepo, lakini dipoli ilikuwepo, na mvua za mwisho wa mwaka ule zilimwagika Afrika Mashariki kiasi kwamba Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 2019 alirudi kwa nguvu. Huku tukiogelea, Australia ilikuwa inaungua.

Sasa itazame ramani. El Niño kwa kawaida huinyeshea Kenya na kaskazini mwetu, na huikausha Zambia na Zimbabwe. Sisi tuko katikati, kwenye bawaba ya mlango. Mlango ukifunguka huku au kule, bawaba haiendi mbali, lakini nusu sentimita yake ndiyo mavuno yetu. Msimu wa 2023/24 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na wakati huohuo kwetu watu walikuwa wanalia na maji. Desemba 3, 2023 mlima Hanang, kaskazini mwa Singida, ulishusha tope juu ya mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Sitaki mtu asome ninayotaka kuandika sasa akadhani nimesahau hayo.

Bonde la Makutupora, ambamo ndimo visima vya Mzakwe vilipo, liko kaskazini mwa jiji, barabara ya kwenda Kondoa. Tangu mwaka 1955 watu wa maji wamekuwa wakishusha vipimo kwenye visima vile na kuandika kina. Ni kazi ya kuchosha, na sijui kama kuna aliyewahi kushangiliwa kwa kuifanya, lakini kumbukumbu ndefu namna hiyo za maji ya ardhini ni adimu sana katika nchi kavu za tropiki. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya daftari hizo. Niliusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Wanachoonyesha ni hiki. Miaka mingi maji ya Makutupora yanashuka tu. Mvua inanyesha, wakulima wanavuna au hawavuni, na kisima hakipati kitu. Udongo unakunywa kwanza, mizizi inafuata, jua linachukua kilichobaki, na kisima kinakuwa mgeni aliyefika sufuria limeshakombwa. Kisha unakuja msimu mmoja wenye mvua kali kupita kawaida, mara nyingi msimu wa El Niño na dipoli, na mstari uliokuwa ukiteremka kwa miaka unaruka juu ghafla. Mvua ikiongezeka robo, maji ya ardhini hayaongezeki robo. Yanaweza kutoka sifuri kwenda kwenye akiba ya miaka. Njia yake ni makorongo. Mchanga wa korongo ni mlango ulio wazi, ila maji hayaingii kwa alasiri moja, lazima yatiririke siku kadhaa, na makorongo yetu mengi hupata siku kadhaa mara moja moja sana. Na katika daftari zote zile, mruko mkubwa kuliko yote ni wa msimu wa 1997/98.

Yaani ule uliomdai babu. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima kabla ya kumwambia mama. Akasema, "Basi paa letu mnalinywa huko mjini." Hakucheka.

Msimu wa 2015/16 uliurudia mchezo: El Niño kubwa, bonde la Limpopo huko kusini likakauka, visima vya Makutupora vikapanda. Bawaba ilituangukia upande mzuri. Lakini katikati ya misimu hiyo ni kuteremka tu, na wanywaji hawangoji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 jijini Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Visima vimeongezwa huku na kule, ila huwezi kuchimba popote ukapata. Chini yetu ni mwamba wa zamani mno, na maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la mwamba uliooza, si kila mahali. Mimi na kaka yangu tulichanga tukamchimbia mama kisima Hombolo. Fundi alikuja na nyaya mbili zilizopinda mkononi, akatembea uani kwa heshima kama padri, nyaya zikapishana, akasema hapa. Tulipata maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Hela haikurudi. Nyaya zile sijui zilikuwa zinatafuta nini.

Kuna mtindo siku hizi wa kulitupia neno tabianchi kila kitu, na warsha zinapenda hivyo. Ugogo ilikuwa na ukame kabla ya magari. Njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, iliua watu wengi sana, na hapo mvua ilisaidiwa na majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, ambayo yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kinachobadilika sasa ni kwamba hewa inapoongezeka joto nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Itakaponyesha, itamwaga zaidi. Itakapokausha, itakausha zaidi. Kwa Makutupora huenda hiyo si habari mbaya yote, na hilo huwa halisemwi warshani. Kwa mistari sita ya mahindi ya mama ni mbaya tu.

Machi iliyopita ilinyesha siku nne mfululizo. Nkuhungu maji yalituingia sebuleni, nikayatoa kwa beseni lilelile la kufulia, huku nikitukana. Mama akapiga simu asubuhi ya tano kuniuliza kama nimesalimika, halafu akasema korongo la kwao limejaa tangu juzi na halijakatika. Niliacha matope ndani nikachukua bodaboda mpaka mbele ya Makutupora, kwenye daraja dogo barabara ya Kondoa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila haraka, yamebeba matawi na ndala moja.

Kijana wa bodaboda alizima pikipiki. "Dada, unamngoja mtu?"

Nikamwambia naangalia maji. Akaja akaegemea ukingo, naye akaangalia. Baada ya muda akauliza yanaelekea wapi, Hombolo au wapi.

Nikamwonyesha chini.